Bibi Hataki Kurudi na Meli

Wenzangu mnaoandika hadithi mtanisamehe. Najua kisa kizuri huanza na jua linalozama, au msichana aliyesimama dirishani akimngoja mtu asiyekuja. Changu kinaanza na bei ya tiketi, na nisipoangalia kitakwisha na bei ya tiketi. Ndivyo kilivyonitokea, nifanyeje?

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 2022. Nipo kazini Sinza, kwenye kiduka cha fotokopi, mashine imebana karatasi kama kawaida yake, mara simu inaita. Shangazi. Huyu shangazi yangu anakaa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, jirani kabisa na bibi, na si mtu wa kupiga simu mchana, maana salio analitunza kama mbegu. Nikajua kuna neno.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba. Bibi yako anasema mwaka huu anakwenda Igoma.”

“Igoma ya Mwanza?”

“Kwani unajua nyingine? Anasema atakwenda na meli. Apande Bukoba tarehe 20 mwezi wa tano usiku, afike tarehe 21. Na wewe ndiye utakayempeleka, kwa kuwa umesoma, na kwa kuwa ni mume wake.”

Nikacheka kidogo, kwa sababu bibi ameniita mume wake tangu nanyonya. Lakini kicheko kilikatika chenyewe.

Mtu wa Kagera ukimtajia tarehe 21 mwezi wa tano hakuulizi mwaka gani. Kwa ajili ya msomaji wa mbali niseme tu: asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyokuwa imetoka Bukoba jioni ya jana yake na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imebakiza kiasi cha maili 30 za majini kufika Mwanza. Ilikuwa imetengenezwa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Ndani yake alikuwamo baba yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa anakwenda Mwanza kujifunza useremala. Wakati ule wilaya yetu yote ilikuwa inaitwa Karagwe, Kyerwa ilikuja kukatwa baadaye, mwaka 2012. Kwa hiyo hata jina la mahali alipotoka baba mdogo limebadilika yeye hayupo. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Ninamjua kwa picha moja ya rangi iliyopauka, amesimama mbele ya migomba, mkono kiunoni, shati limechomekwa nusu.

Hakupatikana. Au tuseme labda alipatikana, ila hakutambuliwa, maana wengi walizikwa pale Igoma hivyo hivyo bila majina. Bibi hajawahi kufika. Miaka yote ishirini na sita. Kila mara kulikuwa na sababu: mara hela, mara mgongo, mara meli yenyewe haipo. Maana MV Victoria, ile meli ya zamani iliyotengenezwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ilisimama mwaka 2014, ikarudi Agosti 2020 baada ya kukarabatiwa. Bibi alisikia redioni kwamba imerudi. Hakusema kitu. Alikaa na habari hiyo karibu miaka miwili, kisha siku moja akamwita shangazi akamwambia nimeamua.

“Sawa shangazi,” nikasema. “Kwenda na kurudi na meli si ghali. Hilo nitaliweza.”

“Ngoja umsikie mwenyewe,” akasema, akampa simu.

Bibi huongea na simu kwa kupiga kelele, kana kwamba sauti inakwenda Dar kwa miguu. “Mume wangu! Kwenda nitakwenda na meli. Kurudi na meli sirudi.”

“Kwa nini bibi?”

“Yeye alikwenda hakurudi. Nikirudi na meli ile ile si nitakuwa nimempita njiani mara mbili?”

Hapo utajibu nini? Nikamwambia kuna mabasi. Akasema mgongo wake hauwezi mabasi, na kweli hauwezi, kutoka Nkwenda hadi Kayanga tu hulala kutwa nzima kesho yake. Basi utarudi na nini, bibi? Akanyamaza. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo sikuitegemea, akasema, “Nasikia kuna ndege.”

Ndipo hesabu zangu zilipoanza. Nilikuwa na laki tano na nusu, hela ya mchezo tunaocheza sisi vijana wa pale mtaani, na zamu yangu ilikuwa imefika mwezi ule. Nilikuwa nimepanga kununua kompyuta iliyotumika, niandike riwaya yangu. (Riwaya bado ipo kichwani, msinicheke.) Usiku nikachukua daftari nikachora ziwa. Juu kushoto Bukoba, chini kulia Mwanza, mbali kabisa pembeni Dar es Salaam. Nikachora mishale. Kadiri nilivyochora ndivyo nilivyoona ubaya wa shauri hili: safari ya meli inayoanzia bandari moja na kuishia nyingine haina mlango mmoja. Unaingilia huku unatokea kule. Na nauli za ndege zimepangwa kwa ajili ya mtu anayetoka kwake, anafika, anageuka, anarudi pale pale alipotokea.

Akili ya kwanza ilikuwa hii: nipande ndege Dar hadi Bukoba, tushuke na meli hadi Mwanza, kisha mimi nipande ndege ya Mwanza kwenda Dar, na bibi na shangazi wapande ya Mwanza kwenda Bukoba. Kwenye karatasi ilipendeza kama pembetatu ya mwalimu wa hesabu. Nilipoulizia bei nikaifunga simu na kutoka nje kupunga upepo. Kipande cha Dar kwenda Bukoba peke yake kilikuwa kinataka kunimaliza.

Nikamfuata jamaa yangu mmoja ambaye aliwahi kukaa kaunta ya wakala wa tiketi. Huyu bwana anapenda sana kufundisha, ukimuuliza saa atakueleza jinsi saa inavyotengenezwa, lakini siku ile nilimsikiliza kama niko kanisani. Aliniambia uwanja wa Bukoba ni mfupi, umekaa kando ya maji, madege makubwa hayatui. Zinakwenda zile za panga boi, viti vichache, safari chache. Mwanza zinatua kubwa na ndogo, kampuni zaidi ya moja zinagombea abiria mchana kutwa. Akanikumbusha enzi za fastjet, ilipoanza Novemba 2012 na kuuza viti vya kwanza vya Dar kwenda Mwanza kwa elfu 32 bila kodi, watu ambao hawakuwahi kuota ndege wakapanda. “Lakini Bukoba,” akasema, “hata hao hawakwenda. Na sasa wenyewe hawapo.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo acha kuingilia Bukoba. Ingia Mwanza, toka Mwanza. Kipande cha kutoka Mwanza kwenda Bukoba kipite na basi. Wewe una mgongo mzima.”

Kumbe ndiyo siri yenyewe, na ni rahisi mpaka inaudhi. Kama safari ya meli ina ncha mbili, tafuta ile ncha yenye ndege nyingi, kata tiketi ya kwenda na kurudi pale pale, halafu ile ncha ya pili ifuate kwa njia ya nchi kavu. Unalala njiani usiku mmoja, mfuko unapona.

Sasa kabla ya kumfuata huyu jamaa nilikuwa nimeshafanya ujinga wangu, naona nimeuruka kwa aibu. Wiki moja nyuma niliona tangazo la nauli ya ofa, Dar hadi Mwanza kwenda na kurudi, na ilikuwa imepita kidogo tu bei ya kwenda peke yake. Nikajiona mjanja. Nikainunua, kwenda tarehe 17 Mei na kurudi tarehe 23, huku nimejipangia moyoni kwamba ile ya kwenda nitaiacha ipotee, nitapanda basi moja kwa moja mpaka nyumbani, na nitatumia ile ya kurudi tu. Nilipomsimulia jamaa akashika kichwa.

“Ukiruka kipande cha kwanza, mwana, chote kinakufa. Wakikuona hukupanda Dar wanafuta na kile cha kurudi. Utafika Mwanza na mabegi yako uambiwe haupo kwenye orodha.”

Nilitoka jasho. Ile ilikuwa zaidi ya nusu ya hela yangu. Kubadili tarehe ilikuwa faini juu ya tofauti ya nauli, sawa na kununua upya. Ndipo nilipolitazama tena lile ziwa langu la kwenye daftari na kuona kwamba ujinga wangu na siri ya jamaa vimekaa sehemu moja. Tiketi ya kwenda na kurudi Mwanza ninayo tayari. Si niitumie yote? Nitue Mwanza tarehe 17, nizunguke na basi hadi Bukoba, nipande Kyerwa, nimchukue bibi, tushuke Bukoba, tupande meli, na tarehe 23 Mwanza ndipo ninapotakiwa kuwa. Sijawahi kupata akili kwa bahati kiasi kile, wala sitarajii tena.

Kikabaki kipande cha wazee: Mwanza kwenda Bukoba, viti viwili, kwenda tu. Nawaambia hiki kipande kifupi kilinitesa kuliko vyote. Ni hewani dakika zisizofika saa, lakini bei haihesabu dakika. Jamaa alinieleza kuwa kiti cha Mwanza kwenda Bukoba mara nyingi ni kiti kile kile ambacho wangeweza kumuuzia mtu anayetoka Dar moja kwa moja, kwa hiyo hawana haraka ya kukuachia wewe wa njiani kwa bei ya chini. Nikatafuta viti viwili, nikaona bei, nikatafuta tena kesho yake, ile ile. Tarehe 22 Mei ilikuwa Jumapili. Watu wa bei nafuu husema badili siku, sogeza mbele, rudisha nyuma. Sisi tarehe yetu ilikuwa imepangwa mwaka 1996.

Jamaa akaniambia jaribu kimoja kimoja. Nikatafuta kiti kimoja: bei ikashuka. Kumbe cha bei ya chini kilikuwa kimebaki kimoja tu, na ukiomba viwili kwa pamoja mashine inakupandisha vyote viwili kwenye bei ya juu. Kwa hiyo unanunua cha kwanza kwa ile bei ya chini, halafu unanunua cha pili kwa bei yake ya juu, na unakuwa umeokoa kidogo. Kidogo ni kidogo, lakini kwangu ilikuwa chakula cha wiki mbili.

Nikanunua cha bibi. Cha shangazi hela haikutosha.

Niliumia. Bibi peke yake angani, mtu ambaye hajawahi hata kupanda lifti! Nikafikiria kukopa kwa bosi, nikafikiria kuuza redio. Mwisho nikafanya jambo ambalo nilikuwa nalikwepa tangu mwanzo. Nikampigia baba.

Niwaeleze kwa nini nilikwepa. Mwaka 1996 baba ndiye aliyemsindikiza mdogo wake mpaka Bukoba. Ndiye aliyemkatia tiketi. Kwa miaka yote niliyokaa nyumbani sijapata kumsikia akilitaja jina la meli ile. Kila mwaka redio ikianza kutangaza kumbukumbu, baba huamka akaenda shambani, hata kama ni mvua. Bibi na baba wanakaa boma moja, wanakula pamoja, na jambo hili halijawahi kukaa mezani. Sasa mimi nimpigie nimwombe hela ya tiketi?

Nikamweleza haraka haraka, kwa bei tu, bila kutaja Igoma. Baba akasikiliza. Nikasikia kuku nyuma yake. Akauliza, “Kiti cha mama umeshakikata?”

“Ndiyo baba.”

“Kimeandikwa jina lake sawasawa?”

Swali la ajabu, nikaona. Lakini nilipokwenda kutazama nikakuta nimeandika jina la bibi tunavyolitamka sisi, kwa L, na kitambulisho chake cha taifa kimeandikwa kwa R. Pale kaunta, herufi moja inaweza kukuacha chini. Nikahangaika siku mbili kuirekebisha. Baadaye nikafikiri: baba alijuaje kuuliza? Labda mtu aliyewahi kutafuta jina kwenye orodha hawezi kuuliza kingine.

Siku tatu baadaye hela ikaingia kwenye simu. Ilikuwa imezidi, ya kiti cha shangazi na ya kulala Mwanza. Shangazi akaninong'oneza ilikotoka: baba ameuza butura. Ndugu zangu wa mjini, butura ni kuuza kahawa ingali mtini, kabla haijaiva, kwa mtu anayekupa hela leo na kuja kuvuna kesho kwa bei aliyoitaka yeye. Serikali inaikataza kila mwaka na kila mwaka watu wanauza, maana shida haingoji msimu. Baba amekuwa akiwasema wauza butura tangu nina akili. “Usimwambie bibi yako,” shangazi akasema. Bibi alikuwa anajua. Mtu hawezi kuuza mikahawa ya bibi yule bila bibi kujua.

Basi tarehe 17 nikaruka. Nilikaa dirishani kama mtoto. Kesho yake basi, kivuko pale Kigongo, maana daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado linajengwa (limefunguliwa Juni 2025), Geita, Biharamulo, Muleba, nikafika Bukoba miguu imevimba. Kesho yake tena Kyaka, lile daraja ambalo majeshi ya Amin yalilivunja mwaka 1978, halafu milima ya kwetu ikaanza, migomba mpaka mlangoni mwa gari, Kayanga, Omurushaka, mwisho Nkwenda. Jumla siku tatu kutoka Sinza. Mtu akikwambia amepata safari ya bei nafuu muulize kwanza imemla siku ngapi.

Alfajiri ya Ijumaa tarehe 20 bibi alikuwa ameshavaa tangu saa tisa ya usiku. Gauni la kanisani, khanga mbili, kikapu. Ndani ya kikapu: ndizi za kuchoma, chupa ya chai, na kifurushi cha majani ya mgomba kilichofungwa vizuri sana. Nikajua ni kahawa ya kutafuna, ile tunayowakaribishia wageni, punje zilizochemshwa na viungo zikakaushwa. Sikuuliza ni ya nani.

Baba alitusindikiza hadi Omurushaka. Stendi pale akampandisha mama yake kwenye gari, akaweka kikapu miguuni pake, akamfunga khanga vizuri begani. “Twende wote basi,” shangazi akamwambia, hela ya kiti cha meli ipo. Baba akatikisa kichwa. “Bandarini sifiki,” akasema. Akasimama pale mpaka gari likapinda.

Meli iliondoka Bukoba saa tatu usiku. Nilikuwa nimekata daraja la pili ili bibi apate kitanda, na bei yake haikuwa hata robo ya ile ya kiti cha ndege. Kwenye kitanda hakulala. Alikaa kitako, miguu chini, mikono juu ya kikapu, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Kemondo tukapakia mikungu ya ndizi, mingi, vijana wanaimba na kutupiana, na bibi akauliza mara mbili, “Si imejaa sasa? Si waache?” Shangazi akamwambia mama, siku hizi wanahesabu. Akaniangalia mimi. Nikasema wanahesabu bibi.

Kulipoanza kupambazuka akaniambia nimtoe nje. Tukasimama ukingoni, upepo baridi, maji rangi ya chuma. Akamsimamisha kijana mmoja wa melini, akamwuliza ilikuwa wapi. Hakusema nini ilikuwa wapi. Kijana akavua kofia, akanyoosha mkono mbele kushoto, halafu akausogeza kidogo, nikaona kabisa kwamba hana uhakika. Bibi akatazama pale pale mkono uliposimama. Mimi nilitegemea atalia, nikajiandaa kumshika. Akasema tu, “Ni karibu hivi na kufika.” Mbele yetu milima ya Mwanza ilikuwa imeshaanza kuonekana.

Igoma sitaieleza sana. Kulikuwa na watu wengi waliokuja kama sisi, mashada, sala, wazee wameketi kwenye nyasi. Yapo makaburi yenye majina na yapo yasiyo na majina, na bibi alipita yote ya majina akinifanya nimsomee, moja moja, mpaka sauti ikanikauka. La kwetu halikuwapo, na tulikuwa tunajua halitakuwapo. Basi akachagua moja lisilo na jina. Sijui alichaguaje. Akakaa chini pembeni yake, akafungua yale majani ya mgomba, akatafuna punje moja ya kahawa, nyingine akaziweka pale juu ya simenti. Akaongea kwa Kinyambo, maneno ya kawaida kabisa, kwamba nyumba iliezekwa upya kwa bati, kwamba ng'ombe yule mwekundu alikufa, kwamba huyu hapa ni mtoto wa kaka yako hukumwona. Halafu akasema, “Kaka yako anakusalimu.” Baba hakuwa ametuma salamu. Mimi na shangazi tukatazamana.

Jumapili nikawapeleka uwanja wa ndege. Kikapu kikapimwa, kikapita. Majina yakalingana, R yote. Nilipoona kile kiti cha magurudumu nilichokuwa nimemwombea kinaletwa nikashukuru Mungu, bibi akakikataa, akasema hajafa bado, akatembea mwenyewe. Nikabaki kwenye kioo mpaka kile kidege kikaruka juu ya ziwa.

Shangazi alinisimulia baadaye. Bibi hakuogopa. Alibandika uso dirishani tangu mwanzo hadi mwisho. Usiku mzima tuliutumia kwenda kwa maji, na sasa hata chai hawajamaliza kugawa wakaambiwa fungeni mikanda tunatua. Ndipo alipogeuka akamwuliza shangazi, “Haya ndiyo maji yenyewe? Mbona yanaisha upesi hivi?” Na alipofika chini akakataa kuondoka uwanjani kwa muda, akasimama anayatazama kutoka upande huu.

Jumatatu mimi nikatumia kile kipande changu cha kurudi, kile kile nilichotaka kukiua. Nilifika Sinza nikiwa na shilingi elfu tisa.

Ningeishia hapo, lakini mwaka ule haukuwa umekwisha. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 asubuhi ndege ya abiria kutoka Dar ilianguka ziwani pale Bukoba, karibu kabisa na uwanja, ikiwa inakuja kutua. Walikuwamo watu 43. Walikufa 19. Wavuvi walifika na mitumbwi yao, wakasaidia kuwatoa waliopona. Mimi niliiona kwenye simu, ule mkia wa ndege umetokeza juu ya maji, na mikono ikaanza kunitetemeka. Ni njia ile ile. Ni uwanja ule ule niliomkatia bibi tiketi, nikafurahia kwamba nimeokoa hela ya chakula cha wiki mbili.

Nikapiga simu nyumbani. Akapokea baba, na hilo nalo lilikuwa geni. Redio nilikuwa naisikia nyuma yake, imefunguliwa kwa sauti kubwa. Hakuwa amekwenda shambani.

“Tunasikiliza,” akasema. “Huyu hapa mama.”

Bibi akachukua simu. Safari hii hakupiga kelele. Aliniuliza kama wavuvi walifika mapema, nikasema walifika mapema bibi, wametoa watu wengi. Akasema “waitu,” taratibu, mara mbili. Nikamngoja aseme kuhusu ile ndege yetu ya Mei, anilaumu, au aseme Mungu alituepusha. Nikamsikia akimwambia baba apunguze redio.

“Mume wangu,” akasema. “Ile nauli ya kutoka Mwanza, mwakani itakuwa ile ile? Maana kaka yake anasema tukienda tena atahitaji kiti.”